Ukuta Usiofika Juu

Siku ya kwanza tulipohamia Temeke, bibi mwenye nyumba aliniuliza swali moja tu. Hakuuliza mume wangu anafanya kazi gani wala tumetoka wapi. Alisimama mlangoni mwa chumba akinitazama nikifungua mizigo, kisha akasema, "Karibu, mwanangu. Tukuite mama nani?"

Ningesema "bado", yangekwisha. Wanawake wengi walijibu hivyo na watu wakanyamaza. Lakini nilikuwa na jina moja ambalo sikuwahi kupata mtu wa kumwita kwalo. Mwaka uliotangulia, tulipokuwa Korogwe, nilijifungua mtoto wa kike, naye hakuifikia jioni ya siku ile ile. Nikalitaja jina lake. Bibi akalirudia mara mbili lisije likampotea, akauliza mtoto mwenyewe yuko wapi.

"Yuko kwa bibi yake, Dodoma," nikasema.

Nilidhani ni uongo wa siku moja. Kufika magharibi nyumba nzima ilikuwa ikiniita mama wa mtoto yule, na kila nilipoitwa niliitika. Sitaficha kwamba niliitika kwa furaha.

Hii ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na Temeke ilikuwa mashamba ya minazi na mihogo yaliyokuwa yakigeuka nyumba moja moja. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma uani palikuwa na jiko, choo na mtungi mkubwa wa maji. Kuta zilikuwa za miti na udongo, zimepakwa chokaa, na paa lilikuwa la makuti. Mtu mrefu akinyoosha mkono aliweza kugusa mwisho wa ukuta. Kutoka hapo hadi kwenye makuti palikuwa wazi, nyumba nzima, ili hewa ipite. Hewa ilipita kweli, na pamoja nayo vikapita vikohozi, mikoromo, moshi wa dagaa, na sala za kila mtu kwa dini yake.

Chumba chetu kilikuwa cha kwanza kushoto, karibu na mlango wa mbele. Ng'ambo ya ukumbi, mkabala nasi, alikaa bibi mwenye nyumba. Vyumba vitatu vilivyobaki vilikuwa vya vibarua wa bandarini, watu waliotoka alfajiri na kurudi jioni wakiwa hawana nguvu hata ya kusalimia. Na katika chumba kilichofuata chetu, tukitengwa na ukuta mmoja, alikaa mwanamke wa Bagamoyo, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, aliyeachika. Asubuhi aliuza vitumbua penye bomba la maji. Adhuhuri alikuwa amesharudi, ameoga, amekaa chumbani na santuri yake.

Santuri yenyewe ilikuwa kuukuu, sanduku la mbao lenye mdomo mpana wa bati juu, rangi imebanduka. Wengine walisema mumewe alimwachia. Wengine walisema aliichukua yeye alipoondoka. Alikuwa na sahani nne tu za nyimbo, lakini santuri ile ilikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Ikianza, vikombe vyangu vilitikisika mezani.

Mume wangu alikuwa karani katika bohari ya reli. Yeye ni Mgogo, mie Msambaa. Tulikutana Korogwe alipokuwa stesheni nami nikisaidia katika hospitali ya misheni. Kwa kuwa yeye hakukijua Kisambaa nami Kigogo kilinishinda, mambo yetu yote yalikuwa ya Kiswahili, mapenzi na ugomvi pia. Na ugomvi ulikuwapo. Mama yake alituma barua kutoka Dodoma, karibu kila mwezi, zilizoandikwa kwa mkono wa mwalimu wa kule, na zote zilisema jambo moja: miaka mitatu sasa hakuna mtoto, na kuna binti hapa, mwenye adabu, anayejulikana. Mume wangu hakumwitikia mama yake, lakini pia hakumkataa. Hilo ndilo nililomlaumu. Yeye alinilaumu kwa ule uongo wa siku ya kwanza, aliousikia siku ya tatu kutoka kwa bibi mwenyewe, akiwa bado ameshika baiskeli. "Unamchukua marehemu unamfanya mpangaji," aliniambia. Tulikuwa tukigombana alasiri, akirudi kazini, kabla hajavua hata viatu. Tulidhani tunanong'ona.

Sikumbuki ni lini hasa nilianza kuitilia maanani ile santuri. Mwanzoni ilikuwa kelele tu, na mie nilikulia milimani, ambako jirani wa karibu unamwita kwa kupaaza sauti bondeni. Kelele ya mtu mwingine kuingia hadi kitandani mwangu ilinichosha. Lakini baada ya miezi michache nikaona kitu. Mume wangu alikuwa akifika saa tisa. Nilisikia baiskeli ikiegemezwa ukutani, nilimsikia akimsalimu bibi, "Shikamoo, bibi," na bibi akiitikia. Mlango wetu ukafungwa. Muda si mrefu, ng'ambo ya ukuta, nikasikia mpini ukizungushwa, krr, krr, krr, kisha sindano ikashuka.

Ilikuwa hivyo leo, na kesho, na kesho kutwa.

Nikaanza kuchunga. Jumamosi alirudi saa saba, na saa saba santuri ikalia. Siku moja alichelewa hadi saa kumi na moja, na alasiri nzima chumba cha pili kilikuwa kimya, kama hakuna mtu, hadi baiskeli ilipofika. Kisha akatumwa Morogoro kwa siku nne kuhesabu mizigo. Siku nne hizo mwanamke yule hakupiga santuri hata mara moja. Alishona, aliimba peke yake kidogo, alilala. Nilikaa kitandani kwangu nikisikiliza kimya kile. Siku ya tano mume wangu akarudi, na hata kikombe cha chai sijampa, krr, krr.

Nilimweleza bibi mwenye nyumba kidogo, kwa kuzunguka. Nilisema tu kwamba jirani yangu anapenda sana muziki. Bibi alikuwa akichambua mchele uani. Hakuinua macho.

"Sie watu wa pwani, mwanangu, hatugombani," alisema. "Tunaimba. Mwenzio akikupigia wimbo, usisikilize ngoma. Sikiliza maneno."

Basi nikasikiliza maneno. Sahani aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya taarabu, mwanamke akimwambia mwenzake kwamba chungu kikikaa jikoni mwaka mzima bila kuivisha, mwenye chakula atatafuta jiko lingine. Nilipolielewa fumbo hilo nililaza kichwa mezani. Alijuaje? Hakuna mtu Dar es Salaam aliyejua habari zangu isipokuwa mume wangu. Kama mwanamke yule anajua, ni nani aliyemwambia?

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Akipita ukumbini na kanga mpya, nilisoma maandishi yake. Akiniongezea kitumbua kimoja, nilijiuliza ananifidia nini. Mume wangu akisema leo kuna joto, nilitega sikio kama ng'ambo kuna atakayekohoa. Nilimpikia, nilimfulia, nilimtandikia, na wakati wote nilikuwa askari mle chumbani.

Siku moja ya kufua, ndani ya mfuko wa koti lake, nikakuta kikopo kidogo cha bati. Nilikifungua nikidhani ni dawa. Zilikuwa sindano za santuri, mpya, zimejaa, zinang'aa.

Nilikiweka mezani mbele ya sahani yake ya ugali nikamngoja.

"Hizi za nani?"

Alikitazama, akaendelea kunawa. "Za jirani. Aliniagiza, kwa kuwa mie napita mjini kwenye maduka."

"Alikuagiza lini?"

"Juzi. Nilipokuwa naingiza baiskeli. Alisema sindano zinamwishia upesi siku hizi."

"Nami nilikuwa wapi?"

"Bombani, nadhani." "Ni sindano tu, mama."

Kumbe hata yeye alikuwa ameshaanza kuniita mama. Ng'ambo ya ukuta mpini ulikuwa umeanza kuzungushwa.

Kesho yake nilijikaza nikaenda kumwona mwanamke yule. Nilibisha hodi, akanikaribisha, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Chumba kilikuwa safi kuliko changu. Nilimwambia kwa adabu zote, "Dada, samahani. Ile santuri. Mume wangu anarudi amechoka, nami kichwa kinaniuma. Naomba upunguze."

Alinitazama kwa muda. Alikuwa na macho mazuri, nami sikuyapenda.

"Siku nyie mtakapopunguza," alisema, "nami nitapunguza."

"Sie hatuna santuri, dada."

"Najua," akasema. Akainuka akanipa vitumbua viwili kwenye kipande cha jani la mgomba.

Nilirudi chumbani. Nilichukua neno lile nikaligeuza upande huu na upande ule, na kila upande lilikuwa tusi. Siku mbili zilizofuata alisokomeza kanga ndani ya ule mdomo wa bati, na wimbo ukatoka kwa mbali, kama mtu anayeimba amefunikwa shuka. Siku ya tatu barua ilifika kutoka Dodoma, tukagombana kuliko siku zote, na santuri ikalia bila kanga, kwa nguvu ambazo sijapata kuzisikia. Nikasema, haya, ameitangaza vita.

Ndipo nilipoamua kuziba ukuta.

Mume wangu hakutaka. Alisema joto litatuua. Nilimwambia kama hana sababu ya kutaka ukuta ubaki wazi, basi aniletee magunia. Hilo lilimnyamazisha, na kunyamaza kwake pia nilikutia katika hesabu zangu. Akaleta magunia manne machakavu yaliyotupwa boharini. Nilikwenda mwenyewe kwa wasuka kamba nikaomba makumbi ya nazi, nikachanganya na sufi kutoka kwenye mto wa zamani, nikashindilia, nikashona midomo ya magunia kwa sindano ya mkeka. Nilipandisha kiti juu ya meza, nikapanda, na nikayapanga moja baada ya jingine katika ule uwazi kati ya ukuta na makuti, upande wa mwanamke yule. Palipobaki tundu nilisokota vitambaa nikasukumiza kwa mti. Kwa mkeka mmoja mkuukuu nikafunika yote, nikaupigilia misumari kwenye boriti.

Magunia yalitosha ukuta ule mmoja tu. Upande wa ukumbini, kwa bibi, pakabaki wazi kama zamani. Sikuona shida. Adui yangu alikuwa upande mmoja.

Bibi alikuja akasimama katikati ya chumba akatazama juu kwa muda mrefu.

"Panya watazaa humo," alisema.

"Nitaweka mtego, bibi."

"Na taa yenu ikirusha cheche?"

"Tutaiweka mbali."

Akatikisa kichwa. "Tangu marehemu mume wangu ajenge nyumba hii, hakuna aliyeziba. Mtu akiziba, mwanangu, watu watauliza anaficha nini."

Lakini hakunikataza. Wakati ule alinipenda. Alikuwa ameshamshonea mwanangu gauni la maua mekundu, kwa mkono wake, na kumpa mume wangu alipeleke Dodoma kwa garimoshi, kwa kuwa watu wa reli hupelekeana mizigo. Gauni lile lilikuwa chini ya sanduku letu la bati, limekunjwa ndani ya gazeti.

Siku ile ya kwanza baada ya kuziba, mume wangu alifika saa tisa, akafunga mlango. Nilingoja. Sikusikia mpini. Nikasikia kitu cha mbali sana, mlio kama nzi ndani ya chupa, na baada ya siku chache hata mlio huo ukakoma. Nilijiona nimeshinda. Nililala usingizi wa alasiri kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

Ila mtu aliyezoea kushuku haachi kwa siku moja. Baada ya juma moja kimya chenyewe kikaanza kunisumbua. Kwa nini ameacha kabisa? Mtu anayependa muziki huacha kwa sababu jirani ameweka magunia? Au wamepata njia nyingine? Nilianza kwenda bombani mapema ili nirudi kabla ya saa tisa. Nilichungulia ukumbini. Mwanamke yule alinisalimu kama kawaida, na mara moja aliniambia, kwa uso mkunjufu, "Siku hizi naona mambo yenu mazuri." Nilikaa na neno hilo siku nzima.

Siku iliyotuangusha ilikuwa Jumatano. Mume wangu aliingia, akafunga mlango, akasimama ameuegemea. Hakuwa na barua mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bibi ameniuliza hapo mlangoni kama gauni limemtosha mtoto," akasema.

"Ukasemaje?"

"Nikasema limemtosha. Mie, mtoto wa mwalimu wa kanisa, nimesema gauni limemtosha mtoto tuliyemzika. Na ameniambia anashona lingine, kubwa zaidi, kwa sababu watoto hukua."

"Ungeweza kusema halijafika."

"Kwa hiyo unanifundisha uongo mwingine?"

"Mama yako anakufundisha kunifukuza, hilo hulioni."

"Mama yangu hajasema ufukuzwe."

"Amesema uoe."

Aliketi kitandani akavua kofia. Akasema kwamba kama ningekubali kusema ukweli tangu siku ya kwanza, hata barua za mama yake zingekuwa nyepesi, kwa kuwa angalau katika nyumba hii tungekuwa watu wa kweli. Sijui kwa nini neno lile lilinichoma kuliko mengine. Nilisimama. Sikunong'ona tena.

"Basi nenda kawaambie. Waambie hakuna mtoto. Waambie yuko chini ya mchanga Korogwe, hakunyonya hata mara moja. Waambie na mama yako amekutafutia mke. Nenda, mlango uko wazi."

Nilipomaliza nilisikia nyumba. Ilikuwa kimya namna ambayo sijawahi kuisikia. Uani palikuwa na mchi uliokuwa ukitwanga tangu mchana, nao ulikuwa umesimama. Kisha ukumbini nikasikia mitalawanda ya bibi, viatu vyake vya mbao, ko, ko, ko, ikitoka karibu kabisa na mlango wetu na kwenda chumbani kwake. Mlango wake ukafungwa polepole.

Mume wangu aliinua macho, akatazama ule uwazi wa upande wa ukumbini.

Kesho yake asubuhi hakuna aliyeniita mama. Bibi aliponitaka nihamishe ndoo, alisema, "Wewe." Alihamisha chumvi yake kutoka jikoni akaipeleka chumbani. Mtungi wa maji, ambao tuliuchangia, akauwekea kifuniko na jiwe. Jioni alikuja mlangoni petu, hakuingia, akamwambia mume wangu kwamba anataka kuona cheti cha ndoa.

"Bibi, sisi tumefunga ndoa kanisani," mume wangu akasema.

"Hata mtoto nilikuwa naye, baba. Nilimshonea nguo. Kama mtoto ni wa uongo, nitajuaje mume ni wa kweli?"

Tulimpa cheti. Hakujua kusoma herufi za kizungu, kwa hiyo alikipeleka chumba cha pili, kwa mwenye santuri, asomewe. Nilikaa kitandani nikijua cheti changu cha ndoa kiko mikononi mwa mwanamke yule. Kwa ajili ya magunia yangu mwenyewe sikuweza kusikia wanasema nini.

Baada ya muda mfupi mwanamke yule akakileta mwenyewe. Alinikuta peke yangu, mume wangu ametoka kwenda kupunga upepo, au kunikwepa. Alikiweka mezani, akakaa bila kukaribishwa.

"Nimemwambia kila kitu kiko sawa, na mhuri upo," alisema. Kisha akatazama juu, kwenye mkeka. "Nilidhani mmepatana."

"Kivipi?"

"Tangu uzibe hadi jana sikusikia sauti zenu. Nikasema alhamdulillahi, wamepatana. Ndiyo maana nikaacha kupiga."

Sikuelewa mara moja. Ilibidi anieleze kama mtu anavyomweleza mtoto. Alasiri bibi huketi ukumbini na mchele wake, mgongo kwenye mlango wetu, na masikio yake ni mazima. Wanawake wa nyumba za jirani humjia hapo. Mwezi wa kwanza tu yeye, mwenye santuri, alikuwa ametusikia tukimtaja mtoto, na barua, na Korogwe. Siku ile alikurupuka akapiga sahani ya kwanza iliyomjia mkononi. Tangu hapo, akisikia mlango wetu umefungwa na sauti zimeanza kupanda, alizungusha mpini. Na kwa kuwa siku nyingi sauti zilipanda, mwishowe hakungoja zipande.

"Na ule wimbo?" nikauliza. "Wa chungu na jiko?"

"Wimbo gani?" Akafikiri. "Ah, ule. Ndio wenye sauti kubwa. Nyingine zimechakaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nakusikia ukilia?" Alisimama akajifunga kanga vizuri. "Ulikuja kwangu kulalamika, nikakuambia mpunguze. Nilidhani umeelewa."

Alipotoka nilibaki nimekaa hadi giza likaingia, sikuwasha taa. Ningependa kuandika kwamba nilimwamini papo hapo. Nilimwamini nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado imeshika kikopo cha sindano. Mume wangu aliporudi nilimweleza aliyoyasema, nikimtazama usoni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba anatufunika. Alipoomba sindano, alisema zinamwishia upesi siku hizi, kisha akatazama mlango wetu. Niliona haya. Nikamletea."

"Wala hukuniambia."

"Ungekubali? Ungesema namtetea."

Ilikuwa kweli ningesema hivyo. Lakini pia ilikuwa kweli kwamba wao wawili walielewana kwa kutazamana tu, juu ya jambo langu, na mie katikati yao nilikuwa nashona magunia. Niliyang'oa kesho yake asubuhi. Yalikuwa na panya kweli, vitoto sita vyekundu, na vumbi la makumbi lilinikaa kooni siku tatu.

Siku hiyo hiyo nilichukua lile gauni la maua mekundu nikaenda chumbani kwa bibi. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida. Nilipiga magoti nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, uchungu ulivyonianza, saa ngapi mtoto alizaliwa, saa ngapi alikufa, nani alimwosha. Sikuwahi kuyasema hayo kwa mtu. Alisikiliza huku akilinyoosha gauni juu ya paja lake.

"Mie nimezika wanne," alisema mwishowe. "Ungesema umezika, ningekupa pole, tungelia wote, yakaisha. Ukaniambia yupo. Nikawa namfikiria anavyotembea."

Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, na nadhani alinisamehe, lakini jiwe halikuondoka juu ya mtungi. Tangu siku ile, nikimwambia naumwa, aliniwekea mkono shingoni kwanza kupima homa. Nikisema mume wangu amesafiri, alimuuliza mwenye santuri. Hakunionea. Alikuwa anahakikisha tu, kama mtu aliyewahi kupewa kipimo pungufu dukani. Na alasiri, mume wangu akifika na tukafunga mlango, santuri ililia tena, ingawa mara nyingi hatukuwa na la kugombania. Mume wangu alikuwa amemwandikia mama yake barua moja fupi, akanisomea kabla ya kuitia gundi, na binti yule mwenye adabu akaolewa na mtu mwingine huko huko.

Mwanamke wa Bagamoyo aliondoka kabla yetu, alirudi kwao kumuuguza mama yake. Santuri aliibeba kichwani mwenyewe hadi kwenye basi. Tuliagana vizuri. Nilimtazama mume wangu wakati anaagana naye, na nilijichukia kwa kumtazama, lakini nilimtazama. Alimpa mkono, akamtakia safari njema, akaingia ndani kuvua viatu. Hakukuwa na zaidi. Hata leo, mume wangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, huwa nashika jambo lile na kulipima upya, na kila mara linakuja lile lile: hakukuwa na zaidi.

Baadaye tulihamia Ilala, kwenye nyumba ambayo kuta zake zilifika juu, na huko ndiko nilikojifungua mtoto wa kiume. Nilimtumia bibi salamu Temeke kwa mtu wa reli. Hakujibu. Baada ya wiki mbili akafika mwenyewe, kwa miguu, amevaa buibui, jasho linamtoka. Nilimwamkia nikamkaribisha kiti, akakikataa. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akafunua nguo za mtoto hadi mwisho, akamtazama mikono, akamtazama miguu, akamgusa utosi. Kisha akamfinya unyayo, si kwa nguvu sana, hadi mtoto akaangua kilio.

Akasikiliza kidogo, akamfunika, na ndipo alipoketi na kuomba maji ya kunywa.